Gari Likitetemeka Unapokanyaga Breki



Magari si kitu cha ajabu tena vijijini kwetu. Kuna vikundi vya wakulima vyenye pikapu. Kuna wenzetu wenye Noah au Probox zinazobeba watu kwenda gulioni. Usiku gari hilo hilo hugeuka kuwa gari la wagonjwa, na mama mjamzito hukimbizwa nalo hospitali. Kwa hiyo breki za gari si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la wote wanaopanda.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja wa breki. Gari linakwenda vizuri na usukani umetulia. Dereva akikanyaga breki, usukani unaanza kutetemeka mikononi kama mtu mwenye homa. Akiachia breki, unatulia. Madereva wanaujua sana ugonjwa huu. Je, dawa yake ni nini? Wengi watakujibu haraka: "Diski imepinda hiyo, nunua nyingine." Sisi nasi tulijibu hivyo hivyo. Tulikosea, na kosa hilo lilikaribia kutumalizia fedha za mbegu.

Sisi wa elimu ya watu wazima tunafanya kazi na kikundi kimoja cha wakulima wa mboga huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Kikundi kina pikapu moja ya Toyota. Kila wiki inabeba kabichi na karoti, inashuka mlima mpaka Sangasanga, inashika barabara kuu ya Morogoro hadi Dar es Salaam. Mwezi wa Novemba 2022 pikapu ile ilianza kutetemeka. Kikundi kikachanga fedha. Gereji moja ikafunga diski mpya mbili na pedi mpya. Gari likatulia. Watu wakashukuru.

Baada ya miezi tisa, na safari za kama kilomita 14,000, mtetemo ukarudi. Ulirudi vile vile, kana kwamba hatukununua kitu.

Mwezi wa Agosti 2023 tulifuatana na gari mpaka Dar es Salaam. Tulikuwa wanne: dereva, utingo wake, katibu wa kikundi, na sisi. Katibu ni mama wa makamo aliyejifunza kusoma katika darasa la jioni hapo kijijini. Yeye ndiye aliyeshika fedha, amezifunga kwenye pindo la kanga. Zilikuwa fedha za mbegu na mbolea. Wanakikundi walikubali ziguswe kwa shingo upande.

KARIAKOO

Anayetafuta spea za gari Dar es Salaam huelekezwa Kariakoo, hasa upande wa Gerezani. Jina Kariakoo lenyewe lina historia ya mizigo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hata leo mizigo haijaisha pale. Mikokoteni, maboksi, watu wenye marobota kichwani, na katikati yao gari lako unalotaka litengenezwe.

Hatujasimama vizuri, kijana mmoja akatudaka. Hawa wanaitwa mawinga. Hawana duka. Kazi yao ni kumshika mteja barabarani na kumpeleka kwenye duka, kisha wapate chao juu ya bei.

"Shikamoo mama, karibu. Spea ya gari gani?"

Dereva akamweleza kwa sentensi moja kwamba gari linatetemeka likifunga breki. Kijana hakuuliza swali hata moja. Papo hapo akataja diski mbili, pedi, bolijointi zote na shokapu za mbele. Alitutajia dawa nne kabla hajajua panapouma. Bei yake ilikuwa sawa na mbolea yote ya msimu.

"Ngoja kwanza mwanangu," akasema katibu. "Diski tumenunua mwaka jana. Zimeliwa na nini?"

Kijana akacheka tu. Lakini swali lile la mama lilikuwa swali la kifundi kuliko maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile. Tukaondoka kwenda kutafuta mtu wa kulijibu.

Tulimpata mzee mmoja fundi chini ya banda la mabati, Gerezani hapo hapo. Baada ya shikamoo na marahaba, yeye alianza na maswali.

"Linatetemeka wapi? Mikononi au makalioni?"

Dereva akacheka, lakini mzee hakuwa na mzaha. Akatueleza. Mtetemo ukija kwenye usukani, tafuta ugonjwa magurudumu ya mbele. Ukija kwenye kiti na sakafu ya gari, na usukani umetulia, tafuta nyuma. Magari mengi madogo na pikapu zina diski mbele, na nyuma zina dramu, yaani kitu kama sufuria ya chuma yenye viatu vya breki ndani. Dramu nayo yaweza kupoteza mviringo wake. Kuipima si kazi ngumu. Nenda kiwanja kitupu, tambarare, kisicho na watu. Endesha polepole, kisha vuta breki ya mkono taratibu, huku kidole kimebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia mara moja. Kwenye magari mengi ya namna hiyo breki ya mkono inakamata nyuma tu. Gari likitetemeka hapo, ugonjwa uko nyuma.

Swali la pili la mzee: "Usipokanyaga breki, linatetemeka?" Kama ndiyo, hiyo huenda si breki kabisa. Huenda tairi halina balansi, ringi imepinda, au nati za gurudumu zimelegea. Hizo nati ndizo za kukagua kwanza kabisa, kabla ya mengine yote, maana gurudumu likichomoka hakuna tena mazungumzo ya breki.

Letu lilikuwa mikononi, na wakati wa breki tu. Likawa la mbele.

BREKI INAFANYAJE KAZI?

Tuanze na baiskeli, maana kila mtu anaijua. Breki ya baiskeli ina mipira miwili. Ukibana mkono, mipira inaikamata ringi huku na huku. Sasa tuseme ringi imeyumba kidogo. Ukiizungusha, inagusa mpira mahali pamoja tu: shwa, shwa, shwa. Ukifunga breki, baiskeli inasimama kwa kushtuka-shtuka.

Breki ya mbele ya gari ni ndugu yake. Mahali pa ringi kuna sahani nzito ya chuma, ndiyo diski. Mahali pa mipira kuna pedi mbili zilizoshikwa na kifaa kinachoitwa kalipa. Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta ya breki ndani ya bomba. Mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, na pedi zinaibana diski.

Diski nzuri ina unene mmoja kuizunguka yote. Diski yenye sehemu nene na sehemu nyembamba inaleta ugomvi. Sehemu nene ikipita, inazisukuma pedi nyuma, na mafuta yanarudi kugonga mguu wa dereva. Sehemu nyembamba ikifika, breki inalegea kidogo. Kaza, legeza, kaza, legeza. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 10 kwa kila sekunde. Kwa hiyo usukani nao unatikiswa mara 10 kila sekunde. Gari likipungua mwendo, mtetemo nao unakuwa wa polepole. Hiyo ni dalili nzuri ya ugonjwa huu.

Je, tofauti ya unene ni kubwa kiasi gani? Hapo ndipo wengi hawaamini. Tofauti ya milimita 0.02 yaweza kutosha kusikika. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hapo. Jicho haliwezi kuona kitu hicho. Basi mtu akiangalia diski kwa macho na kusema "imepinda," ujue anakisia.

DISKI INASOMEKA

Ilipofika kufungua magurudumu, utingo alileta spana na bomba la chuma la urefu wa mkono. Akachomeka bomba kwenye spana, akapanda juu yake kwa miguu miwili, akaruka. Nati ikalia kwaa! Mzee fundi akamtazama.

"Na kukaza je? Unakaza hivyo hivyo?"

"Ndiyo mzee," utingo akajibu kwa kujisifu. "Nikikaza mimi haifunguki ovyo."

Mzee akanyamaza. Akaitoa kalipa na kuifunga kwa waya juu, isining'inie kwenye bomba lake la mpira. Akaanza kupangusa diski kwa kitambaa kilicholowa maji. Vumbi la breki, wasomaji, msilipulize kwa mdomo wala kwa upepo. Ni baya kwa mapafu.

Katibu alikuwa amechuchumaa karibu. Akasema, "Hapa pameandikwa."

Kweli. Kwenye sehemu ya katikati ya diski, chini ya kutu, palikuwa na maandishi madogo yaliyochorwa kwenye chuma. Mama akayasugua kwa kidole, akayasoma herufi moja moja: MIN TH 23. Hayo ni maneno ya kufupishwa. MIN maana yake ni kiasi cha chini kabisa. TH maana yake ni unene. Kwa hiyo diski ilikuwa inasema yenyewe: nikifika milimita 23, nitupeni. Diski nyingi zina maandishi kama hayo, ila namba hutofautiana gari kwa gari. Aliyejifunza kusoma anaweza kuisoma kabla ya kufungua pochi.

Sasa unene ulikuwa kiasi gani? Mzee aliazima maikromita kwa jirani yake, fundi wa kukereza vyuma. Maikromita ni kipimo kidogo kinachobana kitu kama kidole gumba na kidole cha shahada. Wengi hutumia vernia, lakini hapa kuna mtego. Ukingo wa nje wa diski haugusani na pedi, kwa hiyo hauliki. Unabaki mnene, umeinuka kama ukingo wa sahani. Vernia ikiegemea kwenye ukingo ule, inakudanganya kwamba diski bado nene. Pima ndani ya ukingo, pale pedi zinapopita.

Tukatoa chaki, maana mwalimu hakosi chaki mfukoni. Tukaweka alama 8 kuizunguka diski. Mzee akapima kila alama, katibu akaandika. Diski ya kushoto ilikuwa kati ya 24.35 na 24.36 kote. Diski ya kulia ilianzia 24.26 ikafika 24.33. Tofauti yake milimita 0.07. Mgonjwa tukawa tumempata.

Zote mbili zilikuwa juu ya 23. Hazikuwa zimekwisha. Tungenunua mpya, tungetupa chuma chenye maisha ndani yake.

ILILIWA NA NINI?

Lakini swali la mama lilikuwa bado. Kwa nini diski mpya iliwe upande mmoja ndani ya miezi tisa?

Mzee akaitoa diski ya kulia. Nyuma yake, kwenye habu, yaani pale diski inapokaa, palikuwa na magamba ya kutu. Gamba moja lilikuwa limeganda kama ganda la kitunguu. Aliyefunga diski mpya mwaka 2022 aliiweka juu ya kutu ile bila kuisugua. Tena utingo wetu amekuwa akikaza nati kwa kuruka, moja sana na nyingine zaidi, na kuivuta diski upande.

Fikirini sufuria juu ya mafiga matatu. Figa moja likiwa na kokoto juu yake, sufuria inainama. Kokoto ni dogo, lakini mchuzi unakwenda wote upande mmoja. Diski nayo iliinama hivyo. Haikupinda, ilikaa vibaya. Ikawa inayumba kidogo sana kila inapozunguka, na kuigusa pedi mahali pale pale hata wakati dereva hakukanyaga breki. Siku ya kwanza hakuna anayesikia kitu. Baada ya maelfu ya kilomita, mahali pale pamelika pakawa pembamba. Ndipo usukani unapoanza homa yake.

Kuna njia nyingine diski inavyoharibika. Dereva anashuka mlima mrefu huku mguu uko kwenye breki muda wote. Diski zinawaka moto. Akifika chini anasimama na kubaki ameikandamiza breki. Pedi ya moto inaacha utando wake kwenye diski, mahali pamoja, kama uji ulioshika chungu. Pale pananata kuliko pengine, na mtetemo unaanza. Anayeshuka kutoka Mgeta, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, au Mlima Kitonga kule Iringa, aingize gia ndogo tangu juu, injini imsaidie kulizuia gari. Na wale vijana wa kuosha magari huko bondeni wasimwagie maji diski zenye moto. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla chaweza kupinda kweli, au kupasuka.

Basi mzee alisugua habu zote mbili kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa. Diski zikapelekwa kwa jirani kukerezwa, kazi ambayo mafundi wengine huiita kuchonga. Ya kulia ilibaki na 24.0. Ya kushoto iliguswa kidogo, ikabaki na 24.2. Malipo hayakufika hata nusu ya bei ya diski moja aliyotutajia winga. Kama ya kulia ingeshuka chini ya 23 baada ya kukerezwa, tungenunua mpya, tena zote mbili za mbele, kwa sababu breki za kulia na kushoto lazima zivute sawa.

Tulinunua pedi mpya, kwa sababu za zamani zilikuwa zimelika kwa kufuata umbo baya la diski. Mzee alihakikisha pini za kalipa zinateleza. Pini ikikwama, pedi haiachii, gurudumu linapata moto na kunuka, na kazi yote inaharibika upya. Alizipaka grisi ya breki, akiangalia isiguse pedi wala diski.

Kumbe bolijointi na shokapu zilikuwa nzima. Tulizipima hapo hapo, kila gurudumu likiwa limeinuliwa kwa jeki na gari limewekewa vigingi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi au bolijointi imelegea. Shika kulia na kushoto, litikise. Likicheza huku, tazama vyuma vya usukani. Vitu hivyo vikilegea huukuza mtetemo, na huweza kulitupa gari porini. Visidharauliwe. Tunachosema ni kwamba vipimwe kabla ya kununuliwa.

Na gari la kisasa likikanyagwa breki ya ghafla kwenye matope au changarawe, pedali hutetemeka haraka-haraka kwa mlio wa kugugunwa. Hiyo ni ABS, mtambo wa kuzuia magurudumu yasiteleze. Ni kazi yake, si ugonjwa. Lakini pedali ikizama mpaka chini, au gari likivuta upande mmoja, au chuma kikisaga chuma, hapo usiondoe gari hata kwa safari fupi.

Kukaza nati mzee alimfundisha utingo mwenyewe. Nati zote kwanza kwa vidole. Kisha spana, kwa kuvuka: ukikaza ya juu, nenda ya chini iliyo mkabala nayo, usifuate mzunguko. Kaza kidogo kidogo kwa duru mbili au tatu, halafu shusha gurudumu chini ndipo umalizie. Kuna spana yenye kipimo cha nguvu, na kitabu cha gari huonyesha kiasi. Kwa Toyota ndogo nyingi ni kama Nm 100. Kama huna spana hiyo, tumia ile fupi iliyokuja na gari na nguvu za mikono tu. Ukitembea kama kilomita 50, simama uzikague tena.

Pedi mpya nazo hufundishwa kazi. Alfajiri ya kesho yake, barabara ikiwa tupu, dereva alikwenda mwendo wa wastani na kufunga breki polepole bila kusimama kabisa, akaachia, akatembea kidogo zipoe, akarudia kama mara kumi. Tulipopita Kibaha akakanyaga breki vizuri. Akaachia mkono mmoja, akatuonyesha usukani. Ulikuwa kimya.

Fedha zilizobaki zilinunua mbegu, na mbolea pungufu kidogo ya tuliyopanga. Katika daftari la kikundi, kwenye ukurasa wa gari, katibu ameandika: "Agosti 2023. Diski kulia 24.0. Kushoto 24.2. Mwisho 23. Habu zimesuguliwa. Nati ni mikono tu." Lile bomba la utingo sasa linaegemezea mlango wa ghala.